UZI: Safina wangu si hasidi! Tuongee sura ya 9 kabla sijaandika ya 10

BomboKwetu (mleta uzi)

Assalam aleykum wadau, na wasio Waislamu habari zenu. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu. Tangu niiweke humu sura ya 9 ya hadithi yangu Jumapili simu yangu haijanyamaza, na wengi mnaniambia neno lile lile, eti Safina ana kijicho, ana roho ya kwa nini, mtu anayemnunia mdogo wake wa tumbo moja kisa mwanaume hafai hata kuandikiwa hadithi. Mmoja kaniambia nimuoze Nasra kwa Rama nimalize. Banange imeniuma. Nimekaa na huyu binti kichwani mwaka mzima, najua anavyolala, najua anavyokunja nguo zake, siwezi kukaa kimya mkimtukana.

Kwa wageni nieleze upesi. Safina ana miaka 21, binti wa Kinubi wa hapa Bombo, Uganda, anasuka kawa na mikeka na mama yake nyuma ya nyumba. Haongei. Mgeni akibisha hodi yeye yuko jikoni tayari. Akitumwa dukani anakariri njia nzima "nipe sukari nusu kilo na chumvi" na akikuta watu pale anasimama pembeni mpaka waishe. Nasra mdogo wake ana 20, anasomea unesi Kampala, wikendi anarudi, na nyumba nzima inajua karudi manake anaingia akiongea. Rama ni fundi simu, kibanda chake kipo karibu na steji ya taksi za Kampala, mtu wa Arua. Sura ya 6 kioo cha simu ya Safina kilipasuka, Rama akakaa na ile simu siku mbili akairudisha ikiwa safi kama mpya.

Sasa sura ya 9. Rama anamtuma mtoto na kavera (kamfuko ka plastiki) kadogo keusi, anamwambia "mpe dada". Mtoto anafika, Nasra ndiye yuko mlangoni, mtoto anampa. Ndani kuna kava ya simu, ya zambarau. Safina yuko uani anatia ukindu rangi, mikono imekolea mpaka viwiko, anaona kila kitu na hawezi ata kuinuka. Nasra anaijaribu kwenye simu yake, haienei, anaiweka dirishani anaendelea na mambo yake. Ile kava inakaa dirishani miezi minne, na miezi minne Safina hapiti tena njia ya steji, anazunguka kwa nyuma ya msikiti.

Nyie mkasema kijicho. Mimi nasema hamkusoma sura ya 3.

Sura ya 3 ni mwaka 2019, siku ya wazazi kutembelea shule, Nasra yuko bodingi kule upande wa Mukono. Mama kamchinja jogoo saa kumi alfajiri. Sufuria imefungwa kwa shuka, na nani kaibeba mapajani? Safina. Kutoka Bombo mpaka mjini Kampala ni kama kilomita 35, mnapita Matugga, mnapita Kawempe, jamu yote ile, mnashuka, mnapanda taksi nyingine ya Mukono, na sufuria ni ya moto, anaihamisha paja hili anaipeleka paja lile, na harufu ya yule kuku inampanda puani njia nzima na asubuhi hakunywa ata chai. Wakafika wakakaa chini ya mti. Nasra akawaita rafiki zake wanne, akagawa, paja huyu, kidari huyu. Safina akapata shingo. Hiyo ya shingo alisamehe pale pale. Lakini rafiki mmoja akauliza huyu nani, na Nasra akasema "huyu Safina, anatusaidiaga nyumbani".

Nililia nikiandika ile mistari. Kumbukeni kwanini Safina yuko nyumbani. 2016 haboba (bibi) yao alipigwa na kiharusi upande mmoja, ada ilitosha mtoto mmoja na mtu wa kumgeuza haboba kitandani ilikuwa lazima apatikane, na hakuna aliyeketi kikao, hakuna aliyesema "Safina utaacha shule". Siku moja tu sare yake haikufuliwa. Miaka miwili. Aliporudi darasani alikuwa nyuma ya mdogo wake kwa darasa moja na anakaa dawati la nyuma na watoto wanaomfika begani. Halafu corona, Machi 2020 shule zikafungwa nchi nzima. Nasra alikuwa S4 (kidato cha nne), watahiniwa wakaitwa Oktoba 2020 akaenda akafanya mtihani wake akamaliza. Safina wa S3 akasubiri, wengine wakaitwa kidogo kidogo, mara Juni 2021 zikafungwa tena, na zilipofunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022 mama alimpelekea sare imepigwa pasi akamkuta anasuka, na hakuinua kichwa.

Kwahiyo ile hasira mnayoiona dirishani haikuanza na Rama. Rama kaikuta imekaa imekunja miguu.

Alafu kuna jambo la lugha ambalo wasomaji wa Nairobi na Dar naona linawapita. Huku kwetu Kiswahili kimebeba mzigo. Wazee wetu wamekisikia kikiitwa lugha ya askari na lugha ya wezi. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, sawa, lakini mpaka leo panda taksi ya Kampala umwambie konda "nishushe hapo mbele" uone vichwa vinavyogeuka. Safina kakulia Kinubi na Kiswahili, Luganda kaipata shuleni, na akiwa P5 (darasa la tano) alikosea neno moja mbele ya darasa wakamuita hilo neno muhula mzima. Tangu siku ile akawa anapima kila neno kabla halijatoka, na neno ukilipima sana linapoa mdomoni. Nasra Luganda yake utasema kazaliwa Masaka, kwa Waganda wenyewe.

Na Rama ni mtu wa West Nile, upande wa Arua, kule Kiswahili ni cha sokoni kabisa, hakimshangazi mtu. Alipomwambia "njoo kesho jioni itakuwa tayari", Safina akajibu "sawa, nitakuja nikishamaliza kutia rangi". Mnaiona ndogo hiyo? Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mwanaume asiye ndugu yake. Alirudi nyumbani anairudia kama mtu aliyeokota hela.

Sasa mtu wa hivyo, aliyepata kitu kimoja tu chake mwenyewe, anakiona kinaingia mkononi mwa yule yule aliyepata ada na paja la kuku. Mlitaka acheke?

Naombeni maoni, nikiandika ya 10 niwe najua mnasimama wapi.

Opio_Walukuba

Mkuu mimi nilikuwa kati ya waliokuandikia na nilisema roho mbaya, narudi nyuma kidogo. Ila nina neno. Mimi ni mwanaume na nina haya kama za huyo binti. Hapa Walukuba Jinja kuna dada nilimsalimia asubuhi miaka mitatu, "habari ya asubuhi", "nzuri", basi, miaka mitatu, na kila siku nilikuwa naenda kazini nimepanga cha kuongeza kesho. Akaolewa Iganga. Nilimchukia aliyemuoa na simjui ata sura. Baadaye sana ndio nikakubali kwamba yule jamaa hakuninyang'anya kitu, alikuta pako wazi. Safina ana haki ya kuuma kwa ajili ya shule, hapo niko na yeye kabisa. Kwa Rama sijui. Alisema nini cha kumfanya Rama ajue?

Abu_Salma

Wa aleykum salaam ndugu mleta uzi. Watu wanatupa neno husuda hovyo na lina mipaka yake. Husuda ni kutamani neema imtoke mwenzio, ata kama wewe hutaipata. Ghibta ni kutamani na wewe upate kama yeye bila yeye kupungukiwa, na hiyo haina lawama. Nimesoma sura zote tisa. Sijaona mahali Safina anatamani Nasra afeli au aachwe. 2020 Nasra anarudi shule Safina ndiye aliyemfulia shuka na kumfungia sanduku. Huyo si hasidi. Huyo ana ghibta na uchungu, na uchungu umekaa muda mrefu bila kusemwa. Wanaosema hasidi warudi wasome.

Nalongo_B

Bambi Safina. Lakini na mama yao mnamuacha? Kwetu mdogo akimtangulia mkubwa kufanya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) watu wananong'ona mpaka mkubwa anaona aibu kuhudhuria. Mimi nilikuwa huyo mkubwa. Nilikaa nimevaa gomesi yangu nikamuangalia kaka yetu anapokea jogoo wake wa muko (shemeji wa bwana harusi) anachekacheka na mimi tabasamu limenishika mashavu mpaka yanauma, shangazi watatu wameniuliza "na wewe lini". Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Andika hilo, watu wajue mdogo hakosi kitu ila nyumba nzima inamsaidia kukukosea.

Mtoto_wa_Pili

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi ni Nasra.

Sio Nasra wa hadithi, namaanisha ni mdogo niliyesomeshwa dada yangu akabaki. Kwetu ni Masindi. Naomba niseme kitu na msinirukie.

Ile "anatusaidiaga nyumbani" mimi nimewahi kusema yangu. Nilikuwa na miaka 15, dada kaniletea mandazi shuleni, wenzangu wakauliza nikasema "ndugu yetu". Nikisema dada yangu mkubwa swali linalofuata ni "yuko kidato gani". Na jibu la hilo swali ni mimi. Mimi ndiye sababu hayuko kidato chochote. Sikuwa namuonea aibu yeye, ila mkiniuliza siku ile nisingejua kuwaeleza tofauti, na yeye alisikia, na hajawahi kusema.

Na hapo ndipo penyewe. Hajawahi kusema. Hajawahi kunidai ata siku moja. Mshahara wangu wa kwanza nilimtumia laki moja kwa simu, nilikaa nje ya kibanda cha mobaili mani nikisubiri anipigie, nilikuwa nimepanga na cha kusema. Hakupiga. Kesho yake ile hela ikarudi. Ilirudi imepungua ada ya kutuma. Akaandika "wewe ndiye unahitaji, kaa nayo". Nililia kwa hasira jamani. Mtu akikudai unalipa mnamalizana. Asipokudai unalala nalo, unaamka nalo, na kila anapokuhudumia linaongezeka.

Mleta uzi wewe umemuandika Safina kutoka ndani na Nasra kutoka nje. Nasra ameingia akiongea, sawa, na je akinyamaza? Ata ukurasa mmoja hujamuacha peke yake chumbani.

Opio_Walukuba

@Mtoto_wa_Pili umenifunga mdomo dada.

BomboKwetu

@Mtoto_wa_Pili nimesoma mara tatu. Ni kweli, Nasra sijamuacha peke yake chumbani ata mara moja. Sina jibu kwa sasa, ngoja nitulie.

@Nalongo_B pole sana. Mama yao simuachi, ana sura yake inakuja.

Kava_Arua

Wakuu samahani mimi sio mtu wa mambo ya hadithi sana, mke wangu ndiye ananisomea. Mimi nauza kava na protekta hapa Arua mjini mwaka wa saba sasa. Kuna kitu kinanisumbua tangu Jumapili na naona hamkiongelei, mnaongea mioyo tu.

Kava haiongopi. Kila simu na kava yake. Watu wanadhani kava ni kava, wanakuja "nipe nyekundu", namwambia mama lete simu kwanza. Kamera ikihama nusu sentimita haikai. Sasa BomboKwetu umeandika mwenyewe, sura ya 9, kwamba ile kava ilikuwa na tundu la duara katikati mgongoni. Hilo ni tundu la alama ya kidole. Na sura ya 6 umeandika Safina anafungua Tecno yake kwa kuweka kidole nyuma, Rama anamwambia kioo kipya hakitaharibu pale pa kidole, asiwe na wasiwasi. Nasra umempa Samsung ya kidole ubavuni. Mimi nimemwambia mke wangu rudia hapo, akarudia.

Fundi simu alikaa na Tecno ile siku mbili. Kaifungua, kaifunga, kaishika zaidi ya mwenyewe. Fundi hawezi kukosea modeli, utakosea jina la mtoto wako kwanza. Ile kava ilikatwa kwa ajili ya simu ya Safina. "Mpe dada" dada ni Safina. Mtoto ndiye kakosea mlango.

Kwahiyo mimi swali langu sio kama Safina ni hasidi. Swali langu ni kwanini kava imekaa dirishani miezi minne na hakuna mtu aliyeijaribu kwenye simu ya pili iliyopo nyumba hiyo hiyo.

Nalongo_B

Wuuu. Kava_Arua mungu akubariki na biashara yako.

Abu_Salma

SubhanAllah. Imekuwepo muda wote.

BomboKwetu

Nimekaa tangu jana usiku siwezi kujibu. Nitasema ukweli wote, mnisamehe.

Sikuipanga. Lile tundu niliandika kwa sababu simu yangu mwenyewe ina tundu hilo, basi, nilitaka kava ionekane. Ile ya kutokuenea kwa Nasra niliweka nionyeshe anavyodharau, kapewa zawadi kaitupa dirishani. Nikaenda nikaandika, nanukuu mstari wangu mwenyewe wa sura ya 9: "kila asubuhi Safina alipangusa dirisha, akaizunguka." Akaizunguka! Niliuandika huo mstari na nikaupenda. Miezi minne ni asubuhi kama 120, mtu anapitisha kitambaa huku na huku ya kitu chenye upana wa simu iliyo mfukoni mwake, msusi, mtu ambaye macho yake yanapima ukindu bila rula, na hajawahi kukiinua.

Aliona. Safina aliona kutoka uani siku ile ile. Mimi ndio sikuona.

Sasa kwanini hakuinua. Nimejiuliza usiku kucha na jibu nimelijua mapema kuliko nilivyotaka. Akiinua ikaenea, Nasra hajamnyang'anya kitu. Na kama Nasra hajamnyang'anya, basi kuna mwanaume ameketi kule steji anasubiri jibu, na jibu linatoka kwenye mdomo wake yeye, si wa mtu mwingine. Dirishani pale kava inamlinda. Ikikaa pale yeye ni mtu aliyeporwa. Akiishika yeye ni mtu aliyeitwa.

Hili nalijua kwa sababu langu liko hivyo hivyo. Mimi nina mdogo wangu wa kiume, alipelekwa bodingi mimi nikabaki, na miaka yote nawaambia watu ningekuwa mtangazaji kama si ada kwenda kwake. Na ada ilienda kweli, hilo sifuti. Lakini 2015 kuna redio moja walitafuta msomaji wa Kiswahili, hawakudai vyeti, walitaka sauti. Waliniita. Nilivaa, nikapanda taksi, nikafika getini nikasikia wengine ndani wanajaribiwa, sauti zimenyooka, nikageuka. Nyumbani nilisema nafasi ilijaa. Mama akasema "kama ungesoma", na mdogo wangu alikuwepo, alikuwa anakula, akaacha kula. Nilimuona akiacha kula. Na sikusema kitu. Nilimuachia abebe na hiyo.

Mwaka huo haupo kwenye hadithi ninayowaambia watu. Hakuna anayeujua mpaka leo hii ninavyoandika hapa.

Sura ya 3 haibadiliki. Sufuria ilikuwa ya moto na shingo ni shingo. Haboba aligeuzwa na mikono ya Safina na hakuna aliyemuuliza. Sitaki mtu aje kuniambia sasa kwamba kumbe kosa ni lake. Ila ile kava ni yake.

Opio_Walukuba

Mkuu nimesimama hapa dukani nasoma hii machozi yananilenga. Ulipiga simu kwa mdogo wako?

BomboKwetu

Bado. Nimeandika sura kwanza, nikaona nikipiga kabla sitaandika. Huu ni mwanzo wa ya 10, Jumamosi Nasra karudi. @Mtoto_wa_Pili kuna maneno yako humo, ukikataa nayatoa.

*Alfajiri umeme haukuwepo. Safina alikunja mswala, akachukua kitambaa, akaanza na kitasa kama kawaida, akashuka kwenye ubao wa dirisha. Vumbi la barabara ya Gulu linaingia ata ukifunga. Akapangusa kulia. Akapangusa kushoto. Mkono ukasimama.*

*Akaiinua. Chini yake ubao ulikuwa na rangi yake ya zamani, kahawia iliyokolea, umbo la simu kabisa, na pembeni pote pamepauka kwa jua na kwa kitambaa chake mwenyewe.*

*Alikaa kitandani. Kucha zake bado zilikuwa na rangi ya jana, nyekundu kwenye mizizi. Akaweka pembe ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliibonyeza taratibu asitoe sauti, na ya nne ikatoa sauti vile vile, tak.*

*Kitanda cha pili Nasra alikuwa amegeukia ukuta. Hakugeuka.*

*"Imeenea?"*

*Safina alikaa na lile neno. Alilipima, kisha akaacha kulipima.*

*"Imeenea."*

*"Nilijua tangu ile siku."*

*"Mbona hukunipa?"*

*"Ningekupaje. Kila nikikupa kitu unasema kaa nacho." Shuka lilivutwa, Nasra akajifunika mpaka sikioni. Halafu kutoka mle ndani ya shuka, kwa Kinubi, lugha ambayo hakuwa ameitumia nyumbani tangu aende Kampala, akamuuliza kama chai ipo.*

*Safina akaigeuza simu. Tundu lilikuwa limekaa juu ya pale pa kidole, duara juu ya duara. Akaweka kidole, ikafunguka.*

Mtoto_wa_Pili

Usitoe. Yaache.

Nimemtumia dada hii sura sasa hivi. Ameisoma, naona alama mbili za bluu. Anaandika, anaacha, anaandika.

Nalongo_B

Tuambie akisema.

Abu_Salma

Na Rama? Safina anapita njia ipi Jumatatu?

BomboKwetu

Anapita steji. Atasema nini sijajua bado, nimemfikisha tu mpaka kwenye mti wa maembe, kibanda anakiona. Alhamisi inshaallah.

Kava_Arua

Mke wangu kalia. Ila kaka au dada sijui wewe ni nani, nakuuliza tena kikazi. Hiyo zambarau ni ya raba au ngumu? Manake ya raba hailii. Ile inayolia tak ukibonyeza pembe ni ya plastiki ngumu peke yake, na sura ya 9 uliandika Nasra aliikunja kidogo akijaribu. Ngumu haikunjiki.

BomboKwetu

Ngumu. Naenda kurekebisha ya 9 sasa hivi. Ahsante sana.